Kutafsiri filamu ya kisasi ya Kipunjabi: usiongee tambo likiendelea

SWALI: Nina kibanda cha video na natafsiri filamu kwa Kiswahili papo hapo, maiki mkononi. Vijana wameniomba Maula Jatt, ile mpya ya mwaka 2022, na kuna wazee wanaoulizia ile ya zamani. Nilijaribu ile mpya ikaniharibikia. Wahusika wanaongea muda mrefu kabla ya kupigana. Nikifupisha, watu hawajui kwa nini fulani kauawa, na nikifasiri yote nachelewa. Mahali pa kuogopesha, watazamaji walicheka. Na kila mara mtu anauliza polisi wako wapi. Nifanyeje? Na silaha ile niiteje?

JIBU: Ndugu yangu, shida yako si wepesi wa ulimi. Umeiendea filamu hii kama unavyoziendea za Hong Kong au za Marekani, ambako maneno ni njia tu ya kufika kwenye ngumi. Filamu ya kisasi ya Kipunjabi imegeuzwa. Ugomvi wenyewe unapiganwa kwa mdomo, na chuma kinakuja baadaye kutia muhuri. Mtu akianguka pale, ujue alishashindwa dakika kadhaa nyuma, kwenye maneno. Ndiyo maana ulipofupisha mazungumzo, watu wako hawakuelewa kifo. Uliwakatia pambano ukawaachia maiti.

Jua kwanza unashika nini. Maula Jatt ya kwanza ilitoka Lahore, Pakistan, mwezi wa Februari 1979. Mwongozaji alikuwa Yunus Malik, mtayarishaji Sarwar Bhatti. Sultan Rahi alicheza Maula, na Mustafa Qureshi alicheza Noori Natt, adui yake. Nyuma yake kulikuwa na Wehshi Jatt ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Hassan Askari, ambayo mbegu yake ilitoka kwenye hadithi fupi ya Kiurdu ya Ahmad Nadeem Qasmi iitwayo "Gandasa". Hii mpya, The Legend of Maula Jatt, ilitoka tarehe 13 Oktoba 2022 chini ya Bilal Lashari. Fawad Khan ndiye Maula, Hamza Ali Abbasi ndiye Noori, Mahira Khan ndiye Mukkho, mpenzi wa Maula, Humaima Malik ndiye Daro. Sasa shika hili moja: aliyeandika mazungumzo ya mwaka 1979, Nasir Adeeb, ndiye huyohuyo aliyeandika ya mwaka 2022. Waigizaji wamebadilika, kamera zimebadilika, fedha zimeongezeka mara nyingi sana, lakini kalamu haikubadilishwa baada ya miaka 43. Waliotengeneza filamu mpya walijua uti wa mgongo uko wapi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza unaifanya na daftari, kabla hujagusa maiki. Itazame filamu nzima peke yako na uandike daftari la madeni. Chora safu tano: nani, kafanya nini, kamfanyia nani, mbele ya nani, kimelipwa au bado. Safu ya nne, mbele ya nani, ndiyo watafsiri wengi wanaiacha, na ndiyo inayoendesha filamu yote. Kofi la faraghani ni maumivu tu, bali kofi la mbele ya kijiji ni deni. Makha, nduguye Noori, anapomwandama msichana kijijini na Maula kuingilia kati, uzito wa tukio hauko kwenye kipigo anachokipata Makha. Uko kwa wale waliosimama wakaona. Ukiwaambia watazamaji "Makha kapigwa", hawatajua kwa nini dunia nzima inawaka moto baada ya hapo. Ukiwaambia "Makha kaaibishwa, na kijiji kizima kimeshuhudia", huhitaji kueleza tena.

Katika filamu ya 2022 deni la kwanza liko mbali zaidi. Ukoo wa Maula uliuawa na akina Natt yeye akiwa mtoto, akalelewa na mama mwingine asiijue asili yake, na anakua akipigana viwanjani kwa ajili ya fedha, akinywa, akiota ndoto mbaya. Andika deni hilo juu kabisa ya ukurasa kwa wino mwingine, kwa sababu muda mrefu mdai mwenyewe hajui kama anadai. Watazamaji wako lazima wajue kabla yake. Hiyo sentensi moja uiseme mapema, polepole, na usiirudie.

Habari njema ni kwamba sikio lako la Kiswahili tayari lina nusu ya funguo. Kipunjabi cha Pakistan kimekopa Kiarabu na Kiajemi kama sisi tulivyokopa, na maneno mengi ya ugomvi ni ndugu wa damu na yetu. Zulm ni dhuluma, zalim ni dhalimu, qanun ni kanuni na kwao ndiyo sheria, hukam ni hukumu au amri, maut ni mauti, qabar ni kaburi, sulah ni suluhu. Ukisikia khabardar, hiyo ndiyo "habedari" ya watu wa pwani. Shabash ni shabash ileile. Ghairat iko jirani na ghera yetu, ila kwao ni nzito zaidi: ni lile joto linalompanda mtu heshima ya nyumba yake inapoguswa, na mtu asiyekuwa nalo huhesabiwa kama hayupo. Badla, yaani kisasi, inatoka shina moja na badala. Litie hilo moyoni. Kwao kulipiza ni kubadilishana, kitu kwa kitu, na ndiyo sababu wanahesabu namna ile. Hata jina Maula ni Mola yuleyule. Lisikilize linavyotamkwa wakati wa hatari, kuna nyakati husikii tena kama ni jina la mtu au ni dua.

Maneno haya yakitokea, usiyafasiri. Yaache yapite kwa sauti ya mwigizaji, watu watayadaka wenyewe, nawe utakuwa umeokoa sekunde mbili za kuvuta pumzi.

Sasa tuje kwenye tambo. Kwa Kipunjabi yale makelele ya kabla ya pambano yanaitwa barhak. Mtu anatupa kichwa nyuma, anavuta "oye" ndefu kutoka tumboni, anajitaja jina lake mwenyewe kana kwamba anamsimulia mtu mwingine, anamtaja baba wa mpinzani, kisha anaahidi atakachomfanya. Sultan Rahi aliifanya iwe alama yake, na ilimbeba kwenye mamia ya filamu mpaka alipopigwa risasi barabarani karibu na Gujranwala mwezi wa Januari 1996. Wewe usiite kelele wala vitisho. Sisi tunalo neno lake: tambo. Tunayo desturi yake pia. Majigambo ya ngomani yana muundo uleule: jina langu, ukoo wangu, udogo wako, na nitakachokufanya. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwatupia wapinzani wa mji wake beti za namna hiyo, na waliojibu walijibu kwa beti. Chukua mwendo huo wa maneno, acha ule wa filamu za Kizungu ambako shujaa hutupa kineno kimoja kifupi akaondoka. Ukiuleta hapa, Maula atakuwa mtu mwenye haraka, naye hana haraka.

Kanuni ya tambo ni kwamba huongei likiwa linaendelea. Dakika uliyoharibu ni ile uliyopandisha sauti kushindana na Fawad Khan. Sauti mbili zikinguruma pamoja, masikio hayachagui, yanafunga yote, na mtu aliyefunga masikio anacheka. Fanya hivi: unapoona mwigizaji anavuta pumzi, wewe umeshamaliza sentensi yako. Rudisha sauti ya filamu juu kabisa, toa maiki mdomoni, acha tambo lipite zima. Likiisha kuna kimya, karibu kila mara, sekunde mbili au tatu kamera ikiwa usoni kwa yule mwingine. Hapo ndipo pako. Shusha sauti ya filamu hadi thuluthi, sema tafsiri kwa sauti ya chini kuliko unavyodhani inafaa, kisha nyamaza tena.

Kiswahili kinachosikika vizuri hakizidi maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo sekunde tatu ni maneno sita, na sekunde tano ni kumi. Tambo moja linaweza kubeba maneno thelathini. Utachagua nini? Ahadi kwanza, tusi la pili, maelezo mwisho. Mtu akisema baba yake alikuwa nani, akasema wewe umezaliwa juzi, halafu akasema jua la kesho litakukuta umezikwa, wewe chukua lile la kuzikwa. Ahadi ni hundi, na baadaye ndani ya filamu lazima mtu aende kuichukua fedha. Tusi likipotea utamu unapungua kidogo, ahadi ikipotea hadithi inakatika. Kwenye daftari lako weka alama pembeni ya kila ahadi na dakika inapolipwa, na ikifika dakika hiyo rudia maneno uliyoyatumia mwanzo, herufi kwa herufi. Kibanda kizima kitaguna pamoja.

Neno kuhusu maiki, kwa kuwa filamu hii inawaumbua wengi hapo. Ukiongea kawaida, acha kama sentimita 10 kati ya mdomo na maiki na uielekeze pembeni kidogo ya midomo ili "p" na "b" zisipige pumzi. Ukimsemea Noori, sogea mpaka sentimita 3 au 4 na upunguze sauti. Ukaribu huo unaongeza besi bila wewe kukunja koo. Usisimame mbele ya spika. Maiki ikiona uso wa spika itapiga mluzi, na itachagua kupiga mluzi pale kwenye kimya ulichokilinda kwa shida.

Kwa nini walicheka? Nadhani yangu ni kwamba ulimtafsiri Noori neno kwa neno. Noori Natt haongei kama Maula. Hii ndiyo sanaa kubwa ya filamu ya 1979, na ile ya 2022 imeifuata kwa heshima: mmoja ananguruma, mwingine ananong'ona. Mustafa Qureshi alikuwa Msindhi wa Hyderabad, Kipunjabi hakikuwa lugha ya mama yake, naye akamjenga Noori kwa sauti ya chini, taratibu, ya mtu asiyehitaji kusikika mara mbili. Maneno yake yaliyobaki midomoni mwa watu hadi leo ni swali dogo tu: "Nawan aya en, sohnia?" Moja kwa moja ni "Umekuja mgeni, mrembo?" Sasa sema "mrembo" kwenye kibanda chako, mwanamume akimwambia mwanamume. Watacheka, na watakuwa na haki. "Mpenzi" ni mbaya zaidi. Sohna kwa Kipunjabi ni mzuri, wa kiume au wa kike, na mtu mzima humwita hivyo kijana anayempenda. Noori analichukua neno la mapenzi analiweka kwenye mdomo wa muuaji, na baridi ya filamu inatoka hapo. Kwa Kiswahili kinachofanya kazi hiyo ni "mwanangu". "Mgeni hapa, mwanangu?" Lina upole, lina umri ndani yake, na mtu yeyote aliyewahi kuitwa mwanangu na mkubwa asiyemjua vizuri anajua hofu yake. Liseme kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

Majina mengine ya kuitana yatakujia mengi. Puttar ni mwanangu pia, kwa hiyo ukishamwachia Noori "mwanangu", wengine wape "kijana wangu" ili neno lile libaki lake. Oye si tusi, ni "wee!" na uzito wake unategemea nani anamwita nani. Chaudhry mwache chaudhry, ukieleza mara moja kwamba ni mwenye ardhi na sauti kijijini.

Gandasa sasa, ile silaha uliyoiulizia. Usiite shoka, maana shoka ni la kuni. Usiite panga, maana panga kila mtazamaji wako analo nyumbani na atashangaa kwa nini linabebwa kama bendera. Asili yake ni chombo cha kukatia majani ya ng'ombe: bapa la chuma lenye makali yaliyopinda kidogo, ambalo likifungwa kwenye mpini mrefu linakuwa silaha. Mkulima wa Punjab ana ng'ombe na nyati wa maziwa, kwa hiyo chombo hicho kiko kila zizi, na ndiyo maana kiliingia kwenye ugomvi wa mashamba. Liache jina lake. Bahati nzuri mkazo unaangukia "da", ganDAsa, palepale ambapo Kiswahili kingeuweka. Mara ya kwanza linapoonekana sema: "Hili ni gandasa, la kukatia majani ya ng'ombe." Basi. Watu wataelewa peke yao kwamba mkulima kageuza chombo cha zizini.

Na ukijua linavyofanya kazi utajua la kusema wakati wa pambano. Uzito wote uko kichwani. Pigo linaanza polepole, linamaliza kwa kasi, na likikosa, mpigaji anabaki wazi kwa muda wa kulirudisha. Mpinzani mwenye akili anasubiri likose, halafu anaingia ndani ya urefu wa mpini, ambako makali hayana kazi tena, na hapo mpini unageuka gongo la kusukumia. Kwa hiyo maneno yako ni matatu tu: "limekosa", "kaingia ndani", "kamsukuma nje". Acha "piga! ua! mpe!" Macho yanaona. Wasichokiona ni nani yuko hatarini sasa hivi, na hilo ndilo la kuwaambia. Katika filamu ya zamani kasi inatengenezwa na mikato na lensi inayovuta uso kwa ghafla, kwa hiyo usihangaike kufuata kila pigo. Ile mpya inauonyesha uzito wa chuma, na ukinyamaza unasikika.

Nguo nazo zieleze mapema. Wanaume wa filamu ya zamani wamevaa kitu ambacho sisi tungekiita msuli, na kanzu fupi juu. Kwa mtazamaji wa pwani msuli ni wa nyumbani na msikitini, hivyo mtu akipigana nao anaonekana kama kaamshwa usingizini. Sema tu kwamba ndilo vazi la kutokea la mwanamume wa kijiji. Kilemba kikidondoshwa, hilo liandike kwenye daftari kama jeraha.

Usitumie neno "kabila". Nalisisitiza hili. Jatt ni jamii kubwa ya wakulima wa Punjab, na Natt katika filamu ni ukoo wa wababe. Wote wanaongea lugha moja, wanakula chakula kimoja, wanaishi bonde moja. Ukisema kabila, mtu wa kwetu anasikia vita vya makabila na anaanza kutafuta upande. Sema "ukoo" au "nyumba": nyumba ya Jatt, nyumba ya Natt. Na ulinde kina cha majina hayo mawili. Yametungwa yapatane kwa sauti, yagongane kama fimbo mbili, hivyo kama utasema "Jati" basi sema "Nati" pia. Vilevile wasiitwe makalasinga. Wazee wako huenda wanawakumbuka Wapunjabi wa reli na karakana, ambao wa kwanza walikuja kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896, na wengi waliobaki walikuwa Masingasinga. Filamu hii inatoka Punjab ya Pakistan, kwa Waislamu. Lugha ni moja, maandishi mawili, na mpaka wa mwaka 1947 umepita katikati.

Polisi wako wapi? Wapo. Noori mwenyewe anatokea jela, na jela kwake ni mahali pa kupumzika kwa kukosa mtu wa kiwango chake nje. Serikali katika filamu hizi iko, ila iko mbali na inakuja ikiwa imechelewa. Kijijini kuna panchayat, ambalo ni baraza la wazee, na kuna ukoo. Sema hivi mwanzoni, kabla mtu hajauliza: "Hapa serikali iko mjini. Kijijini kuna baraza." Maneno saba, na swali halitaulizwa tena. Wewe binafsi ujue zaidi ya hapo, kwa sababu mambo haya hayajabuniwa hewani. Tangu mwaka 1990 sheria ya Pakistan inawaruhusu warithi wa aliyeuawa kudai kisasi, kusamehe au kupokea dia, maneno ambayo sisi pia tunayajua. Tangu mwaka 2005 ni kosa la jinai kumtoa msichana kuolewa ili kufunga ugomvi wa damu, desturi iliyoitwa vani. Mwaka 2016 sheria iliongezwa ili anayemuua ndugu yake kwa jina la heshima asiponyoke adhabu kwa kusamehewa na familia. Nchi haitungi sheria tatu juu ya kitu kilichopo kwenye sinema peke yake.

Hapo ndipo umakini wako unapohitajika kwa wanawake wa filamu hii. Daro, dada wa akina Natt, ndiye mkali kuliko kaka zake wote, maana yeye ndiye anayelinda hesabu. Wanaume wanaweza kuchoka, yeye hachoki. Usimpe sauti ya kuchekesha. Watafsiri wengi wanawapa wanawake wakali sauti nyembamba ya kebehi, na hapa ukifanya hivyo umeng'oa nguzo. Mpe sauti yako ya kawaida, kavu. Na pale msichana anapoandamwa, usitie maneno ya utani wala ya tamaa, hata kama mabenchi ya nyuma yanataka. Tukio hilo ndilo linalofungua ugomvi. Likichekwa, kila kinachofuata ni bure.

Watoto wasiwepo. Kuna viungo vinakatwa na kamera haigeuki. Na kabla ya kutoza kiingilio, malizana na mwenye haki ya kuonyesha na bodi ya filamu ya nchi yako.

Nyimbo usizifasiri kabisa. Sema sentensi moja kabla wimbo haujaanza, kama "Mukkho anamwambia asichosema mchana", halafu weka maiki chini na unywe maji.

Kuhusu wazee na filamu ya 1979: waonyeshe, lakini usiku mwingine, na uwape dakika moja ya maelezo. Ilitoka chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Zia-ul-Haq, miezi miwili kabla ya Zulfikar Ali Bhutto, waziri mkuu aliyempindua, kunyongwa tarehe 4 Aprili 1979. Serikali ilitaka kuiondoa, Bhatti akaenda mahakamani, na ikaendelea kuonyeshwa. Shuleni huko Punjab watoto hufundishwa kwa Kiurdu na Kiingereza, Kipunjabi huachwa mlangoni. Mtu aliyekuwa akiambiwa lugha yake ni ya zizini aliingia sinema Lahore akaisikia ikinguruma kwenye kitambaa chenye upana wa nyumba. Mtafsiri anayelijua hilo hawezi tena kuongea wakati tambo la Sultan Rahi linaendelea.

Kitu cha mwisho cha kukusaidia kumpata Maula. Katika hadithi ya Qasmi, ambako Maula alizaliwa, kijana anasubiri kuingia uwanjani kwa pambano lake la kwanza, ngoma zinapigwa, ndipo anapoambiwa baba yake kauawa. Gandasa inamfanya aogopwe kila mahali. Mwisho wake anapigwa kofi hadharani na mtu wa upande wa maadui, na hamuui. Mama yake anamkuta analia, anamshangaa, naye anamuuliza mama kama hata kulia haruhusiwi. Filamu zimeuacha mwisho huo, lakini Fawad Khan anatembea nao machoni filamu nzima. Ukimsemea, kabla ya kila tambo, ipe sauti yako uchovu kidogo. Jaribu kwanza kwenye ndoto ya mwanzoni, ukiwa peke yako, maiki imezimwa, mpaka uchovu huo usikike bila wewe kuukaza.